Nani alitengeneza kwanza kingamwili ndani ya bakteria, na ilithibitishwaje?

Kila habari inapotoka kwamba mahakama imeitambua kampuni fulani kuwa mvumbuzi wa dawa au mbinu ya maabara, maswali ya wasomaji huwa yale yale. Mahakama inajuaje nani aliwaza kwanza? Kwa nini isiangalie tu makala ya kisayansi iliyotangulia kuchapishwa? Na kwa nini kesi moja ivute miaka kumi? Mei 2025 maswali hayo yalirudi, pale mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza mashauri ya hataza ilipofuta sehemu ya uamuzi juu ya nani alitangulia kuitumia CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, kwenye seli za viumbe kama mimea, wanyama na binadamu. Shauri likarudishwa likapimwe upya, wakati kazi inayogombewa ilifanyika mwaka 2012.

Kuna mgogoro mwingine wa zamani zaidi unaoyajibu maswali hayo vizuri kuliko huo wa CRISPR, kwa sababu umekwisha na tarehe zake zote ziko wazi. Ni ule wa Genentech ya California dhidi ya Celltech ya Slough, Uingereza. Kampuni zote mbili zilidai kuvumbua namna ya kutengeneza kingamwili ndani ya seli moja iliyopandikizwa jeni, zikianza na bakteria. Maombi yao ya hataza yalipishana kwa siku 14 tu, lakini kuamua nani wa kwanza kulichukua miaka 10.

Tuanze na maneno mawili: hataza na kingamwili.

Hataza ni haki ya muda maalumu, inayotolewa na serikali, ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi bila idhini ya mwenyewe. Haitolewi kama tuzo ya akili nyingi, na haithibitishi kwamba kitu hicho ni bora. Wala hailindi kila kilichomo ndani ya hati. Kinacholindwa ni madai, yaani zile aya zenye namba mwishoni mwa hati zinazotaja hatua au sehemu za uvumbuzi moja baada ya nyingine. Madai yanafanya kazi kama mawe ya mpaka wa kiwanja. Watu wawili wakigombania kiwanja, haisaidii kuuliza nani alifika mtaani kwanza kabla hamjakubaliana mawe yamesimama wapi. Huenda mmoja alitangulia mtaani kwa mwaka mzima, lakini eneo linalogombewa hakuwahi kulikanyaga. Ugomvi mwingi wa uvumbuzi huwachanganya watu hapa hapa: wanahesabu tarehe kabla ya kuangalia mpaka.

Kingamwili nayo ni protini inayotengenezwa na seli B za damu ili kunasa kitu kigeni mwilini, kama kirusi au sumu. Ina umbo la Y na imeundwa kwa minyororo minne: miwili mizito, kila mmoja ukiwa na uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 50 hivi, na miwili myepesi ya kilodaltoni 25 hivi. Jumla ni kama kilodaltoni 150. Minyororo hiyo inashikana kwa viungo vya salfa. Sehemu inayonasa iko kwenye ncha za mikono ya Y, mahali ambapo mnyororo mzito na mwepesi hukutana, kila mmoja ukichangia upande wake. Ndiyo maana mnyororo mmoja peke yake kwa kawaida haunasi vizuri. Jambo hili ndilo moyo wa kesi nzima.

Kazi iliyokuwa ikifanyika maabara

Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakiwa Cambridge walionyesha kwamba seli B ya panya ikiunganishwa na seli ya saratani, unapata seli isiyokufa inayotoa kingamwili ya aina moja tu. Mbinu hiyo haikukatiwa hataza, ikaenea duniani kote. Lakini kingamwili za panya zikitumika kama dawa, mwili wa binadamu huzitambua kama kitu kigeni na kuzishambulia. Watafiti walitaka kuweza kuzibadilisha, wachukue sehemu hii ya panya na ile ya binadamu, na kwa hilo walihitaji kushika jeni zenyewe na kuzipeleka kwenye seli nyingine.

Bakteria aina ya E. koli alikuwa chaguo la kwanza. Hugawanyika kila baada ya dakika kama 20 akiwa katika hali nzuri, chakula chake ni rahisi, na tayari alikuwa ameonyesha uwezo. Mwaka 1978 Arthur Riggs na Keiichi Itakura wa kituo cha City of Hope, karibu na Los Angeles, pamoja na Genentech, walimtumia kutengeneza insulini ya binadamu. Insulini ni protini ndogo yenye minyororo miwili ya amino asidi, yaani vipande vinavyounda protini, 21 na 30. Kila mnyororo ulitengenezwa kwenye bakteria wake, kisha ikaunganishwa kwenye chupa. Kingamwili ni mzigo wa aina nyingine kabisa: mnyororo mzito peke yake una amino asidi kama 450, na mwepesi zaidi ya 200.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unachukua seli zinazotoa kingamwili unayoitaka, unatoa RNA ya ujumbe na kuinakili kuwa DNA. Unakata kipande cha mwanzo ambacho kwenye seli ya panya hutumika kusafirisha protini nje, unaweka alama ya kuanzia inayosomeka na bakteria, kisha unapandikiza jeni hiyo kwenye plasmidi, kile kiduara cha DNA ambacho bakteria hukinakili mwenyewe. Mbele ya jeni unaweka swichi ya kuiwasha. Ukitaka minyororo yote miwili itoke kwenye bakteria mmoja, unaweza kutumia plasmidi mbili, moja ikiwa na kinga dhidi ya antibiotiki fulani na ya pili dhidi ya nyingine. Bakteria wakikuzwa kwenye chakula chenye antibiotiki zote mbili, anayepoteza plasmidi moja hufa. Wanaobaki ni wale wenye jeni zote mbili.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Mazingira ya ndani ya E. koli hayaruhusu viungo vya salfa kufungika, kwa hiyo minyororo haikunjiki sawasawa. Inajilundika kuwa madonge magumu ndani ya seli. Vimeng'enya vya bakteria hutafuna sehemu yake. Mara nyingi mnyororo mmoja hutoka kwa wingi na wa pili kidogo, na uwiano ukiharibika hata kinachokunjika vizuri kinakosa mwenzake. Na bakteria huyu haongezi sukari ambazo kingamwili kamili huwa nazo kwenye mnyororo mzito.

Kwa hiyo mtafiti huvunja seli, hukusanya madonge kwa mashine ya kuzungusha, na kuyayeyusha kwa urea au guanidini, kemikali zinazokunjua protini, zikiwa nzito sana, pamoja na kemikali ya kufungua viungo vyote vya salfa vilivyojifunga vibaya. Kisha huondoa urea polepole, protini ikiwa imezimuliwa sana, ndani ya mchanganyiko wa kemikali iitwayo glutathioni unaoruhusu viungo kufunguka na kufungika tena mpaka vipate mahali pake. Ukiharakisha, au protini ikiwa nzito mno kwenye kimiminika, inagandamana upya na kazi imeharibika. Mwisho unapima: je, kilichopatikana kinanasa shabaha yake? Na lazima upime sambamba mnyororo mzito peke yake, mwepesi peke yake, bakteria wasio na jeni yoyote, na kingamwili halisi kutoka seli za panya. Bila vipimo hivyo vya kulinganisha, namba ndogo uliyoipata haina maana.

Timu zote mbili zilifika hapa. Ya Genentech na City of Hope, akiwemo Shmuel Cabilly na Riggs, ilitumia kingamwili inayonasa CEA, protini inayohusiana na saratani ya utumbo. Ya Celltech, ikiongozwa na Michael Boss, ilitumia kingamwili inayonasa kemikali ndogo iitwayo NP. Makala zao zote zilichapishwa mwaka 1984, na zote ziliripoti kwamba sehemu iliyorudi kuwa kingamwili inayofanya kazi ilikuwa ndogo.

Sasa jiulize: katika mlolongo huo, uvumbuzi ulitokea lini? Siku Cabilly au Boss alipowaza jeni mbili katika seli moja? Siku plasmidi mbili zilipoingia kwenye bakteria mmoja? Siku minyororo miwili ilipoonekana kwenye jeli, ile ya maabara inayotenganisha protini kwa ukubwa? Au siku kingamwili iliponasa shabaha? Kila siku inatoa jibu tofauti la nani wa kwanza. Sheria ililazimika kuchagua.

Sheria ya zamani ya Marekani ilivyopima

Mpaka tarehe 16 Machi 2013, Marekani ilitoa hataza kwa aliyevumbua kwanza. Maombi yaliyowasilishwa kabla ya siku hiyo bado yanaamuliwa kwa sheria ile ya zamani, na ndiyo sababu mgogoro wa CRISPR haukufungwa kwa kuangalia tu mhuri wa tarehe.

Maombi mawili yakigongana, ofisi ya hataza ilifungua shauri maalumu. Kwanza iliandika kiini cha ugomvi kwa sentensi chache: hiki ndicho kinachogombewa. Kisha aliyewasilisha ombi mapema alihesabiwa kuwa wa kwanza mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Mzigo wote wa ushahidi ulikuwa kwa aliyechelewa.

Aliyechelewa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba aliutekeleza uvumbuzi mapema kuliko tarehe ya mpinzani. Kutekeleza maana yake ni kufanya kitu chenye kila sehemu iliyotajwa kwenye kiini cha ugomvi, kikafanya kazi iliyokusudiwa, na wewe mwenyewe ukatambua wakati ule ule kwamba kimefanya kazi. Ukiwa na sehemu nne kati ya tano, huna kitu. Na ukigundua miaka mitatu baadaye, kwa kusoma upya daftari lako, kwamba jaribio la zamani kumbe lilifaulu, umechelewa.

Njia ya pili ni kuonyesha kwamba ulikuwa na wazo kamili kabla ya mpinzani, na kuanzia muda mfupi kabla ya tarehe yake hukulala mpaka ulipolitekeleza au kuwasilisha ombi. Wazo kamili halimaanishi tamaa wala lengo. "Tutatengeneza kingamwili ndani ya bakteria" ni lengo. Wataalamu wengi walikuwa nalo mwaka 1980. Wazo kamili ni lile ambalo fundi wa kawaida wa fani hiyo akikabidhiwa anaweza kulifanya bila utafiti mwingine mkubwa.

Je, lazima ujue kwamba litafanya kazi? Hapana, na mfano wake unatoka kwenye dawa inayofahamika sana Afrika Mashariki, AZT. Kampuni ya Burroughs Wellcome ilikuwa na rasimu ya ombi la hataza tarehe 6 Februari 1985, ikieleza AZT kutumika kutibu UKIMWI, kabla wanasayansi wa serikali ya Marekani hawajamaliza kuipima dhidi ya kirusi kwenye seli za binadamu. Wapinzani wake walidai wanasayansi hao wahesabiwe kuwa wavumbuzi wenza. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ilikataa kwa hataza tano kati ya sita: rasimu ilikuwa na wazo kamili, na vipimo vilivyofuata vilithibitisha tu. Katika CRISPR mahakama hiyo hiyo iliirudisha kesi kwa sababu inayofanana, kwamba bodi ya ofisi ya hataza, inayoamua mashauri ya aina hii kabla ya mahakama, ilichanganya kuwa na wazo kamili na kuwa na uhakika wa matokeo.

Kisha kuna kanuni inayowaumiza wanasayansi kuliko zote: neno la mvumbuzi peke yake halitoshi. Hata akiapa, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani, hata akitoa daftari lake aliloandika kwa mkono wake. Lazima ushahidi utoke nje yake. Anahitajika mtu asiye mvumbuzi mwenza aliyeusoma ukurasa huo, akauelewa, akatia saini na tarehe. Inaweza pia kuwa risiti ya kemikali, barua iliyopokelewa na mtu wa tatu, au filamu ya jeli iliyohifadhiwa pamoja na namba ya jaribio. Naiona kanuni hii kuwa ya haki. Miaka kumi baada ya tukio, kumbukumbu ya mtu mwenye maslahi ya mamilioni ya dola hujijaza mapengo yenyewe bila yeye kukusudia kudanganya.

Siku 14

Turudi kwenye kesi. Celltech iliwasilisha ombi lake Uingereza tarehe 25 Machi 1983. Mkataba wa Paris, wa kimataifa kuhusu hataza, unampa mwombaji miezi 12 kuwasilisha katika nchi nyingine huku akihesabiwa kwa tarehe ya kwanza, na Celltech iliwasilisha ombi lake la kimataifa tarehe 23 Machi 1984, siku mbili kabla ya muda kwisha. Genentech iliwasilisha Marekani tarehe 8 Aprili 1983.

Ofisi ya hataza ya Marekani ikazitoa hataza zote mbili siku moja, tarehe 28 Machi 1989: ya Genentech yenye namba 4,816,567, na ya Celltech yenye namba 4,816,397. Hili huwashangaza watu, lakini mawe ya mpaka hayakuwa yale yale. Madai ya Genentech yaliyokubaliwa siku hiyo yalihusu zaidi minyororo mchanganyiko, sehemu ya panya na sehemu ya binadamu. Madai ya Celltech yalihusu jeni mbili, ya mnyororo mzito na ya mwepesi, ndani ya seli moja, kila mnyororo ukitengenezwa kama molekuli yake. Hicho ndicho kiwanja cha thamani. Genentech ilikuwa na ombi jingine, la kuendeleza lile la 1983, lililokuwa bado ofisini, ikanakili ndani yake madai ya Celltech ili kulazimisha shauri. Huo ulikuwa utaratibu wa kisheria wa kawaida. Februari 1991 shauri likafunguliwa.

Hapa Celltech ilikuwa na udhaifu ambao wengi hawaujui. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyofanyika maabara Uingereza haikuhesabika kuthibitisha tarehe ya uvumbuzi. Mlango huo ulifunguliwa kwa nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani kuanzia tarehe 1 Januari 1996, na haukurudi nyuma. Madaftari ya Slough, hata yangekuwa na saini za mashahidi kumi, hayakuweza kuisogeza Celltech nyuma ya tarehe 25 Machi 1983. Ombi la Uingereza ndilo lilikuwa silaha yake pekee. Genentech ilikuwa huru kutumia kila karatasi ya California.

Hata hivyo Genentech ilishindwa. Agosti 1998, baada ya zaidi ya miaka saba, bodi ya ofisi ya hataza iliipa Celltech ushindi: Genentech haikuthibitisha kwamba ilitangulia tarehe ile. Linganisha na kipimo cha sheria. Haikutosha kuwa na mnyororo mzito uliotoka kwenye bakteria mmoja na mwepesi kutoka kwa mwingine, vikachanganywa kwenye chupa kama insulini ya 1978. Ilitakiwa seli moja, jeni mbili, minyororo miwili, na kingamwili inayonasa, vyote kabla ya tarehe 25 Machi, na vyote vikiwa na ushahidi wa mtu mwingine.

Sheria ilimruhusu aliyeshindwa kufungua kesi mpya mahakamani na kuleta ushahidi ambao bodi haikuuona. Genentech ilifanya hivyo Oktoba 1998 huko San Francisco. Hoja ikageukia njia ya pili, ile ya wazo kamili na bidii, na katikati yake ikawa rasimu ya ombi la hataza ya Februari 1983. Kama rasimu ile kweli iliandikwa Februari na ilikuwa na wazo lote, Genentech haikuhitaji tena kuonyesha jaribio lililofaulu mapema. Ingebaki kuonyesha kwamba kuanzia muda mfupi kabla ya tarehe 25 Machi mpaka tarehe 8 Aprili watu wake walikuwa kazini. Kazi ya wakili anayekamilisha ombi inahesabika katika bidii hiyo. Kusubiri soko liwe zuri hakuhesabiki.

Ningependa kuandika kwamba jaji alisikiliza mashahidi wote na kutamka ukweli wa mwisho. Haikuwa hivyo. Machi 2001, kwa msaada wa msuluhishi, kampuni hizo mbili zilipatana na kumwomba jaji atoe hukumu kwamba Genentech ndiyo ya kwanza. Akaitoa. Hataza ya Celltech ikaondoka, na tarehe 18 Desemba 2001 Genentech ikapata hataza namba 6,331,415, huku Celltech ikipata haki na malipo yake chini ya mapatano.

Matokeo yake kwa wengine yalikuwa makubwa. Hataza ya Celltech ingekwisha Machi 2006, miaka 17 tangu itolewe. Ile mpya, kwa kuwa ombi lake liliwasilishwa kabla ya Juni 1995 sheria ilipobadilika, nayo ilihesabiwa miaka 17 tangu kutolewa kwake, ikaishi mpaka Desemba 2018. Hiyo ni zaidi ya miaka 35 tangu ombi la kwanza. MedImmune, watengenezaji wa Synagis, kingamwili ya kukinga watoto wachanga dhidi ya kirusi cha RSV, walidai mapatano yale yalikuwa njama dhidi ya ushindani. Madai ya njama yalishindwa mahakamani. Lakini tarehe 9 Januari 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba kampuni inayolipa mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza, inaweza kuipinga hataza hiyo mahakamani bila kuacha kulipa kwanza. Baada ya uchunguzi mpya, ofisi ya hataza iliithibitisha hataza hiyo mwaka 2009.

Mambo yanayosemwa sana, na yalivyo

Husemwa kwamba aliyechapisha kwanza ndiye mvumbuzi. Makala za 1984 hazikuamua chochote hapa, kwa sababu maombi yote mawili yalishatangulia. Kuchapisha kunaweza hata kukuangamiza: Ulaya, ukitangaza uvumbuzi wako popote kabla ya kuwasilisha ombi, hata kwa bango la mkutanoni, kwa kawaida umeua hataza yako mwenyewe.

Husemwa pia kwamba hataza ya Genentech ya 2001 ilihusu bakteria, kwa hiyo mwenye kutumia seli nyingine alikuwa huru. Madai yalisema seli moja iliyopandikizwa, hayakusema bakteria tu. Kingamwili nyingi za dawa, Synagis ikiwemo, hutengenezwa kwenye seli za wanyama, hasa zile zilizotokana na ovari ya hamsta wa China, kwa kuwa seli hizo hukunja protini na kuongeza sukari inavyotakiwa. Hapo ndipo mrabaha ulipokuwa. Bakteria walibaki na vipande vya kingamwili visivyohitaji sukari. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba vipande hivyo vikisukumwa kwenye nafasi iliyo kati ya kuta mbili za E. koli, viungo vya salfa hufungika vyenyewe. Lucentis ya macho, iliyotoka Genentech, na Cimzia ya baridi yabisi, iliyozaliwa katika kazi za Celltech, zote hutengenezwa kwa E. koli.

La tatu husikika sana kwetu: andika wazo lako, lifunge kwenye bahasha na ujitumie kwa posta, au kula kiapo mbele ya wakili, au jitumie barua pepe. Bahasha inaweza kutumwa wazi na kufungwa baadaye. Kiapo kinathibitisha kwamba uliapa. Na hakuna kati ya hivyo kinachokupa haki dhidi ya mtu aliyekwenda ofisini kuwasilisha ombi. Kenya na Tanzania, watu wawili wakivumbua kitu kile kile kila mmoja kivyake, haki huenda kwa mwenye tarehe ya mapema ya kuwasilisha. Marekani nayo sasa inafuata tarehe ya kuwasilisha, ingawa inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa nafuu akiwa ameutangaza uvumbuzi wake mwenyewe.

Daftari la maabara bado lina kazi, lakini kazi yake imebadilika. Linatumika kuthibitisha kwamba mwenzako hakuvumbua bali alichukua kwako, na kuamua nani aandikwe kama mvumbuzi mwenza. Kosa katika majina hayo linaweza kuibatilisha hataza. Kwa hiyo liwe lenye kurasa zilizoshonwa na kupewa namba, liandikwe kwa wino siku ile ile, na nafasi tupu ipigwe mstari. Picha ya jeli ibandikwe na saini ipite nusu juu ya picha na nusu juu ya ukurasa. Picha za karatasi ya joto hufifia kwa miaka, hivyo weka nakala. Andika ulichotarajia kabla ya jaribio na ulichohitimisha baada yake, kwa sababu matokeo bila hitimisho hayaonyeshi kwamba uliyatambua. Shahidi awe mtu anayeielewa kazi lakini hakuchangia wazo, na atie saini ndani ya siku chache. Saini za mwaka mzima zilizowekwa siku moja huonekana kwa macho, na wakili wa upande wa pili ataanza na hizo.